Kujitolea kufundisha watoto kusoma baada ya shule: mwongozo kamili kwa wanaokwama wiki ya tatu

Swali ninaloulizwa zaidi na vijana wanaojitolea katika mitaa yetu ya Dar es Salaam huja kwa maneno tofauti, lakini ni lile lile: nimejitolea kufundisha watoto kusoma, mbona nimekwama? Mmoja anasema, "Nilianza na watoto hamsini na kitu, sasa hivi wanakuja saba." Mwingine watoto wake wanakuja wote, ila miezi miwili imepita na yule wa darasa la tatu aliyekuja hajui kusoma bado hajui. Wa tatu alitolewa ukumbini mbele ya watoto kwa sababu mwenyekiti wa mtaa hakuwa na habari naye.

Moyo wote walikuwa nao. Tatizo walianza na makubwa kuliko uwezo wao. Mimi mwenyewe mara ya kwanza nilipokea watoto sitini chini ya mwembe, peke yangu, siku nne kwa wiki. Ilikuwa nguvu ya soda. Wiki ya tatu nikaumwa siku mbili. Watoto walikuja, wakakaa pale pale, wakanisubiri mpaka giza likaanza kuingia, na wazazi wakawakataza kurudi. Walikuwa na haki. Ndiyo maana kila hatua hapa chini imesimama juu ya jambo moja: ahidi kidogo, kile unachoweza kukitimiza kila wiki, halafu kitimize.

Mwongozo huu ni wa klabu ndogo ya kusoma kwa watoto wa darasa la pili hadi la nne. Ukitaka kupokea wa chini ya miaka mitano, hicho ni kituo cha kulelea watoto mchana na kina taratibu zake za usajili. Anzia ofisi ya Ustawi wa Jamii.

## Andaa hivi kwanza

- Mtu mzima mwenzako, mmoja angalau. Bila yeye usianze.
- Mahali panapoonekana na wapita njia: baraza la ofisi ya mtaa, darasa lililo wazi baada ya masomo, uwanja wa msikiti au kanisa. Choo kiwe karibu.
- Majamvi au mikeka miwili mikubwa.
- Ubao mdogo na chaki. Kipande cha plaiwudi kilichopakwa rangi nyeusi ya ubao kinatosha.
- Kadi za silabi. Kata manila au maboksi, andika kwa maka nene. Konsonanti 18 za herufi moja (b, d, f, g, h, j, k, l, m, n, p, r, s, t, v, w, y, z) kwa irabu 5 ni kadi 90. Zile za ch, dh, gh, ng', ny, sh na th zitengeneze baadaye.
- Daftari moja kwa kila mtoto, ambalo wewe ndiye utakayelitunza.
- Penseli, vichongeo, vifutio.
- Vitabu vifupi vya hadithi, kumi hadi kumi na tano, vyenye maandishi makubwa.
- Ndoo ya maji ya kunywa yenye koki na vikombe, na maji mengine ya kunawa pamoja na sabuni.
- Kisanduku cha huduma ya kwanza: glovu, pamba, bandeji, plasta.
- Daftari la mahudhurio na fomu za ridhaa.

Fulana zenye jina la klabu, bango na kipaza sauti havimo, kwa makusudi. Nimeona fedha za mwezi mzima zikiishia kwenye fulana huku watoto wanagombania penseli.

## Hatua ya 1: Piga hodi kwenye milango inayohusika

Nenda kwa mwenyekiti wa serikali ya mtaa na mtendaji wa mtaa ukiwa na kitambulisho na barua ya ukurasa mmoja. Eleza wewe ni nani, unakaa wapi, utafundisha nini, siku gani, saa ngapi, na watoto wangapi. Omba barua ya utambulisho, kisha ipeleke kwa mwalimu mkuu wa shule wanakotoka watoto hao. Kwa Zanzibar mlango wa kwanza ni sheha. Kwa Kenya ni chifu au naibu wake.

Kuna faida ya pili ambayo wengi hawaifikirii: mwalimu mkuu atakuelekeza kwa mwalimu wa darasa, na huyo anawajua kwa majina watoto waliokwama. Usipomuuliza, watakaokujia ni wale wanaopenda shule tayari.

Usiende na kauli ya kwamba shule imeshindwa. Walimu wengi wana darasa la watoto mia moja, na wanajua kuliko wewe nani amebaki nyuma. Waambie unakuja kuongeza mikono.

Umefaulu hapa ukiwa na barua yenye muhuri mkononi na orodha ya majina kutoka kwa mwalimu.

## Hatua ya 2: Chagua saa ambayo watoto ni huru kweli

Hapa ndipo wengi wanapopotezea watoto bila kujua. Unapanga saa kumi alasiri kwa sababu wewe umetoka kazini, kumbe saa hiyo nusu ya watoto wako chuoni wanasoma Kurani. Unahamia Jumamosi asubuhi, wengine wako kwenye mafundisho ya komunyo. Wapo wanaotembeza vitumbua na ubuyu, wapo wanaokwenda kuteka maji, wapo wasichana wa miaka tisa wanaobeba wadogo zao mpaka mama arudi sokoni. Na shule zenye zamu mbili, wapo wanaotoka mchana na wapo ambao ndiyo kwanza wanaingia.

Zunguka nyumba kumi na uulize, "Mtoto akitoka shule anafanya nini mpaka Magharibi?" Sikiliza, andika, ndipo upange.

Anza na siku mbili kwa wiki, saa moja na nusu kila siku, na mmalize mapema ili kila mtoto awe kwao kabla ya giza. Watoto kumi hadi kumi na wawili kwa kila mtu mzima. Mkiwa wawili, ishirini wanatosha. Wa ishirini na moja aandikwe kwenye orodha ya kusubiri, hata akilia, hata mama yake akikusihi. Najua ni vigumu, lakini ukimpokea huyo utawapokea arobaini, na hakuna atakayejifunza kusoma.

Amua na mapema mvua za masika mtajificha wapi. Kama hakuna paa, waambie wazazi waziwazi kwamba mvua ikinyesha hakuna darasa, wasije wakamtuma mtoto kwenye matope.

## Hatua ya 3: Kutana na wazazi kabla ya kukutana na watoto

Waite wazazi kikao cha dakika arobaini. Mambo matatu lazima yasikike. La kwanza, hii si tuisheni na hakuna malipo, wala leo wala mwezi ujao. La pili, mnafundisha kusoma, si kazi zote za shule. La tatu, siku tusipokuja mtapata taarifa kabla ya saa sita mchana.

Kisha jazeni fomu ya ridhaa: jina la mtoto, umri, darasa, jina la mzazi au mlezi, namba mbili za simu, nani anaruhusiwa kumchukua, na afya yake. Asiyejua kuandika aweke dole gumba baada ya kusomewa fomu nzima.

Kwenye afya usiridhike na "hana tatizo." Uliza moja moja: pumu? selimundu? kifafa? kuna chakula kinachomdhuru? Mwenye selimundu anywe maji mara kwa mara, asikae kwenye baridi na nguo mbichi, na akilalamika maumivu mpigie mzazi papo hapo. Mwenye kifafa akianguka, ondoa vitu vya kumuumiza, mlaze kiubavu, angalia saa, usimkandamize na usimtie kitu chochote mdomoni, hata kijiko. Degedege ikipita dakika tano, ni hospitali bila kusubiri.

## Hatua ya 4: Weka kanuni za usalama, na ziwabane ninyi kwanza

Kanuni hizi zibandikeni ukutani, wazazi wazione:

1. Hakuna mtu mzima anayekaa na mtoto peke yake mahali pasipoonekana. Ukimsomesha mmoja mmoja, kaeni pembeni mwa wenzenu, si chumbani.
2. Hakuna mtoto anayekwenda nyumbani kwa mwalimu, kwa sababu yoyote.
3. Hakuna pesa, pipi wala zawadi ya siri kwa mtoto mmoja.
4. Hakuna picha ya mtoto inayowekwa mtandaoni bila ridhaa ya maandishi ya mzazi.
5. Chooni watoto huenda wawili wawili.
6. Mtoto hachukuliwi na mtu asiyemo kwenye fomu, hata akisema ni mjomba.

Kuna wanaoona kanuni hizi zinawatuhumu. Hapana. Mtu mwenye nia mbaya hutafuta mahali pasipo na kanuni, na anayejitolea kwa moyo safi hulindwa nazo siku uvumi ukizuka. Mwenzako akizikataa, mwache aende.

## Hatua ya 5: Pima kabla ya kufundisha

Hii ndiyo hatua inayorukwa kuliko zote, na ndiyo sababu ya yule mtoto wa darasa la tatu kukaa miezi miwili bila kusogea. Alikuwa anafundishwa hadithi wakati hajui silabi.

Wapimaji wa Uwezo, mradi wa kupima watoto kusoma na kuhesabu, waliopita nyumba kwa nyumba Kenya, Uganda na Tanzania, walimkalisha kila mtoto peke yake na karatasi yenye ngazi za kusoma. Fanya hivyo hivyo. Andaa karatasi yenye ngazi nne: silabi kumi, maneno kumi, aya ya sentensi nne, na hadithi fupi yenye maswali mawili. Aya iwe nyepesi kama hii: "Kuku wetu ni mweupe. Anakula mahindi. Jana ametaga mayai mawili. Mama amefurahi."

Anza na maneno. Akisoma manane kati ya kumi, mpeleke kwenye aya. Akishindwa, mrudishe kwenye silabi. Ngazi ya juu anayoisoma bila kusaidiwa ndiyo kiwango chake. Dakika tano kwa mtoto zinatosha.

Nikuonyeshe inavyokuwa. Alikaa mbele yangu mvulana wa darasa la tatu, amepanga mikono magotini.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba, mwanangu. Hili neno unalisomaje?"

Neno lilikuwa *kalamu*. Akaangalia kidogo, akasema kwa sauti ya mtu mwenye uhakika, "Kalenda."

Niliziba neno kwa kidole gumba, nikaacha *ka*. Akasoma *ka*. Nikasogeza kidole, akasoma *la*. Nikasogeza tena. Hapo akanyamaza, midomo inacheza, macho yakapanda kunitazama usoni kutafuta jibu. *Mu* hakuwa nayo. Kwa miaka mitatu alikuwa anasoma mwanzo wa neno na kubahatisha mwisho, na kwa kuwa darasani wanaitikia kwa pamoja, hakuna aliyesikia sauti yake peke yake.

Watoto wa namna hii ni wengi. Ukiona mtoto anakutazama usoni badala ya karatasini, mrudishe kwenye silabi bila kumwaibisha.

Jihadhari na jambo moja: anayesema "kula" palipoandikwa "kura" huenda anasoma vizuri kabisa ila ulimi wa nyumbani kwao hautofautishi *l* na *r*. Hilo ni tamko, si kushindwa kusoma. Mwambie aonyeshe herufi kwa kidole, utajua.

## Hatua ya 6: Panga vikundi kwa kiwango, si kwa darasa

Wa darasa la nne asiyejua silabi akae na wa darasa la pili asiyejua silabi. Shirika la Pratham la India limefanya kazi miaka mingi kwa njia hii, na imefika Afrika pia. Siri yake ni nyepesi: kila mtoto anafundishwa pale alipo.

Wakubwa wataona haya. Usiviite vikundi "wanaojua" na "wasiojua." Viite Twiga, Pundamilia na Swala, na mkubwa wa kikundi cha silabi mpe kazi ya kugawa kadi. Anashika kadi zote, anaziona zote, na heshima yake inabaki.

Dakika tisini zigawe hivi:

Dakika 10: kufika. Kunawa mikono, maji, mahudhurio. Mwite kila mtoto kwa jina na umtazame. Mtoto anayerudi ni yule aliyeona kwamba wiki iliyopita alikosekana na mtu akamuulizia.

Dakika 15: mchezo. Rede, ukuti ukuti, kuruka kamba. Wametoka kukaa kwenye dawati siku nzima, usiwakalishe tena hapo hapo.

Dakika 30: kazi ya vikundi. Kikundi cha silabi wanajenga maneno chini kwenye jamvi: weka *ma*, *ji*, wasome; toa *ji*, weka *pa*, wasome *mapa*, wacheke kwa sababu si neno, watafute silabi ya kulikamilisha. Mmoja atapata *mapafu*, mwingine *mapato*. Silabi mpya nne hadi tano kwa siku, zisizidi. Kikundi cha maneno wanasoma na kuandika sentensi fupi. Hapa ndipo *ny* na *ng'* husumbua: mtoto anasoma *nyanya* kama "ni-ya-ni-ya." Mfundishe kwamba herufi hizo mbili ni sauti moja, kwa kuziandika kwa rangi moja. *Ng'ombe* na *ngoma* zisomeni pamoja, zamu kwa zamu, mpaka sikio litenganishe. Kikundi cha aya wanasoma wawili wawili, mmoja anasoma, mwenzake anafuata kwa kidole.

Dakika 20: hadithi, wote pamoja. Anza na "Hadithi, hadithi!" nao waitikie "Hadithi njoo, uongo njoo, utamu kolea!" Soma kutoka kitabuni, polepole, kitabu kikiwa kimewaelekea. Simama katikati uulize, "Mnadhani sungura atafanya nini?" Usichoke kurudia hadithi ile ile wiki tatu, maana mara ya tatu utawasikia wanasoma na wewe.

Dakika 15: kufunga. Vitendawili viwili, kila mtoto asome neno moja alilojifunza leo, kisha kuagana mmoja mmoja.

Kuhusu uji: watoto wengine wanakuja na njaa, na mwenye njaa hasomi. Lakini usianze kugawa uji usioweza kuugawa mwezi wa nne. Kikombe cha robo lita kwa watoto ishirini ni lita tano, na kwa uji wa kunyweka ni takriban nusu kilo ya unga, pamoja na sukari na mkaa. Piga hesabu ya miezi mitatu kwanza. Kama fedha haipo, chagua saa ambayo wengi wameshakula kwao.

Dalili kwamba hatua hii imekaa sawa: wiki ya nne unaingia na kuwakuta watoto wameshapanga kadi wenyewe.

## Hatua ya 7: Tuliza kelele bila fimbo

Fimbo isiwepo, hata ya kuonyeshea ubaoni. Watoto wengi wameizoea shuleni na watakujaribu kuona kama nawe utaichukua. Mtoto anayeogopa kukosea habahatishi tena kwa sauti, na usipomsikia akikosea huwezi kumrekebisha.

Fundisha ishara moja siku ya kwanza: unapiga makofi mawili, wao wanajibu matatu, kimya. Usipaze sauti juu ya kelele zao. Anayesumbua mpe kazi ya mikono, na akizidi, akae karibu nawe dakika tano kisha arudi. Anayesumbua kila siku mtembelee nyumbani, wewe na mwenzako, bila kwenda kumshitaki. Mara nyingi utakuta kuna jambo.

## Hatua ya 8: Mtoto akikueleza jambo zito

Ukikaa na watoto muda mrefu, siku moja mmoja atakwambia kwamba anapigwa, au kwamba kuna mtu mzima anamshika. Huwa wanasema wakati wa kuondoka, kwa sauti ndogo, wakichezea kamba ya begi.

Tulia. Usishtuke mbele yake. Mwambie, "Umefanya vizuri kuniambia, na si kosa lako." Usimwahidi kwamba hutamwambia mtu. Usimhoji maswali mengi wala kumrudisha kwenye maelezo; hiyo ni kazi ya waliofunzwa. Akishaondoka, andika maneno yake kama alivyoyasema, tarehe na saa.

Siku hiyo hiyo toa taarifa kwa afisa ustawi wa jamii au Dawati la Jinsia na Watoto kituo cha polisi, au piga 116, Simu ya Mtoto, bila malipo. Kenya na Uganda namba ni hiyo hiyo. Sheria ya Mtoto ya Tanzania Bara ya mwaka 2009 inamtaka kila mwanajamii mwenye taarifa kwamba haki za mtoto zinavunjwa aitoe kwa mamlaka ya serikali za mitaa, kwa hiyo usiogope kuambiwa umeingilia mambo ya watu.

Usiende kumkabili anayetuhumiwa. Usiitishe kikao cha ukoo. Nimeshuhudia jambo kama hilo "likimalizwa kifamilia," na mtoto akahamishiwa mkoani kabla ya wiki kuisha. Hatukumwona tena.

## Hatua ya 9: Andika, pima tena, waonyeshe wazazi

Kila siku ikiisha, kaeni dakika kumi na mwenzako. Mistari mitatu inatosha: nani hakuja, nani amepanda, nani amekwama wapi. Asiyekuja mara mbili mfululizo apigiwe simu.

Kila baada ya wiki nne rudia kipimo cha hatua ya 5 kwa karatasi mpya, kisha badilisheni vikundi. Mtoto wa silabi anayehudhuria siku zote anatakiwa aonekane amesogea kufikia kipimo cha pili. Asiposogea, mkague macho na masikio kabla ya kumlaumu: msogeze karibu na ubao, muite kwa sauti ndogo akiwa amekupa mgongo. Ukiwa na shaka, mshauri mzazi ampeleke kituo cha afya.

## Hatua ya 10: Jipangie namna ya kuondoka

Utapata kazi mkoani, utaolewa, utaingia chuo. Ni kawaida. Kisichofaa ni kutoweka. Watoto hawa wengine wameshaondokewa na watu bila maelezo, nao hudhani kosa ni lao.

Waambie wazazi mwezi mmoja kabla. Waambie watoto vipindi vitatu kabla, na vipindi hivyo mtu anayekupokea awe amekaa jamvini nawe, akiwaita kwa majina. Mkabidhi orodha, fomu na kadi mbele ya mwenyekiti wa mtaa. Kama hakuna wa kukupokea, funga klabu kwa siku inayojulikana, na umwambie mwalimu wa darasa kila mtoto amefikia ngazi gani.

Siku ya mwisho mpe kila mzazi daftari la mwanawe. Mfungulie ukurasa wa kwanza, kisha wa mwisho, halafu mwache mtoto amsomee.